Chuma cha Mzee Obiero

Jivu la kwanza lilianguka juu ya kaunta ya Saleh Jumanne saa nne asubuhi, madirisha yote yakiwa yamefungwa. Lilikuwa jeusi, refu kama kidole, na alipoligusa likavunjika na kumwachia doa. Alilijua mara moja. Yeyote aliyewahi kupita Muhoroni wakati wa kuchoma miwa anayajua majivu hayo, yanavyopeperuka kutoka mashambani na kutua kwenye nguo zilizoanikwa mpaka kina mama wanalaani kampuni, moto na upepo kwa pamoja. Lakini Muhoroni ni mwendo wa zaidi ya saa nzima kwa gari kutoka Kisumu, na duka la Saleh lilikuwa ghorofani, nyuma ya milango miwili ya chuma, maana lilikuwa duka la bunduki na serikali haikubali liachwe wazi kama kibanda cha sukuma wiki. Akapangusa kaunta na kuendelea na chai yake.

Watu wakisikia duka la bunduki hufikiria majambazi. Wateja wa Saleh walikuwa wenye mashamba, mawakili wenye vitambi, na wale wagonjwa wa kupenda vitu vya zamani, ambao hununua bunduki ya babu wa mtu na kuiweka ndani ya kabati la kioo wasiifyatue maisha yao yote. Hao wa mwisho ndio waliomnenepesha. Na bunduki za namna hiyo, zile nzuri zinazopatikana kwa bei ya kutupa, hazianikwi sokoni Kibuye katikati ya mitumba. Zinapatikana kwenye matanga.

Ndiyo maana kila jioni Saleh alikaa karibu na redio, kalamu mkononi, akisikiliza matangazo ya vifo kwa Dholuo, lugha ya Wajaluo. Akisikia marehemu alikuwa mkulima mkubwa au askari mstaafu, aliandika jina na kijiji. Baada ya mazishi alifika na kilo mbili za sukari, sura ya huzuni, na fomu mfukoni. Mkewe Zeituni, mwalimu wa chekechea na mwanamke asiyejua kunyamaza, alimtania kila mara. "Baba Amirah, leo umemzika nani?" Saleh alicheka naye. Kazi ni kazi, na leseni yake ilikuwa halali.

Kwa Mzee Obiero wa Muhoroni alifika siku ya kumi baada ya mazishi.

Mjane wake, Mama Aoko, alimpokea vizuri, akamwita baba, akampa chai. Bunduki ilikuwa ya mitutu miwili, aliyoachiwa mzee na mzungu mwenye shamba aliyekuwa akimfanyia ulinzi, na miaka yote mzee aliitumia kufukuzia nguruwe mwitu waliokula miwa. Saleh alipoifungua kitambaa chake cha mafuta, moyo ulimruka. Pembeni ilikuwa na fedha, na juu ya fedha mtu fulani wa zamani sana alikuwa amechora mabata wakiruka kutoka kwenye matete, manyoya yao yakihesabika. Alikuwa ameona bunduki kama hiyo mara moja tu, kwenye picha, na bei yake ingenunua kiwanja.

Akakunja uso kama mtu aliyenusa omena iliyooza. "Mama, hiki ni chuma chakavu. Nakusaidia tu."

"Sawa baba," Mama Aoko akasema. "Lakini haiwezi toka sahii. Hatujafanya keyo nyinyo. Ndugu za mzee lazima wagawe chuma yake kwanza. Na Frankline, mtoto wangu, bado anatoka Mombasa."

Saleh alizaliwa Kaloleni, mtaa wa Kisumu, na Dholuo alicheza nacho utotoni. Alijua vizuri maana ya maneno hayo. Mwanamume akifa, vyuma vyake, panga, jembe, mkuki, hata baiskeli, hubaki nyumbani mpaka siku ya kugawa, ukoo ukae, kila kitu kitajwe na kila mrithi aitwe kwa jina. Kabla ya hapo hakitoki kitu. Alijua pia kwamba ndugu wangekuja na simu zao, na Frankline wa Mombasa angepiga picha yale mabata na kuuliza bei mtandaoni.

Hapo ndipo alipofanya lile alilokuwa hataki kulikumbuka. Alisogeza kiti, akashusha sauti.

"Mama, leseni ilikufa na mzee. Saa hii bunduki hii ni haramu ndani ya nyumba yako. Polisi wakija leo hawataki hadithi ya nyinyo. Watakubeba wewe. Na kwa umri wako, utafia rumande."

Ulikuwa uongo. Familia ilikuwa na muda wa kutosha, na ingeweza kuiweka kituoni bure na kupewa risiti mpaka mrithi apate leseni. Saleh alikuwa na karatasi iliyosema hivyo kwenye mfuko wa shati.

Kikombe kikaanza kugonga sahani mikononi mwa Mama Aoko mpaka chai ikamwagikia leso yake. Alimtazama Saleh kama hajawahi kumwona. "Chukua tu, mkubwa," akasema, na mkubwa ndivyo watu wa huko wanavyomwita askari. "Chukua. Mimi sitaki kesi." Aliifunga mwenyewe ndani ya kitambaa chake, akilia bila sauti. Saleh alimwachia bei ya mbuzi, tena mbuzi aliyekonda, akatoka upesi.

Hiyo ilikuwa wiki moja kabla ya lile jivu.

Jumatano majivu yakawa matatu. Alhamisi Saleh alifungua duka na kukutana na harufu ya miwa iliyoungua, tamu na nzito, inayokaa kooni, na kabla hajaweka funguo chini akasikia ndani ya sefu sauti anayoijua kuliko sauti ya mama yake: klak, mitutu ikikunjuliwa. Alisimama. Ndani ya sefu kulikuwa na bunduki moja tu ya kukunjuliwa namna hiyo, na alikuwa ameilaza imefungwa. Akafungua. Ilikuwa imekunjuliwa wazi, kama inavyokunjuliwa na mtu anayetaka kutia risasi. Aliifunga, akajiambia kwamba spring zimezeeka, na mikono yake yote miwili ikabaki na masizi.

Saa saba alienda nyumbani kula. Zeituni alikuwa amepika samaki, akaweka sahani mezani, kisha hakukaa. Alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Karibu, mkubwa," akasema.

Saleh alicheka, akidhani ni utani wake. "Nani mkubwa, wewe? Kaa tule."

"Hapana, nimeshiba. Kula tu." Sauti ilikuwa ndogo, sauti ya mtu anayeongea na mbwa asiyemjua. Saleh aliposimama kuchukua chumvi, Zeituni aliinua mkono haraka kukinga uso.

Miaka ishirini na mbili ya ndoa, Saleh hakuwahi kumwinulia mkono. Walikuwa wakigombana kwa midomo, na mara nyingi Zeituni ndiye aliyeshinda. Sasa alimwona jasho likimtoka juu ya mdomo, na miguuni pake, kwenye saruji aliyoipiga deki asubuhi, majivu meusi yakiwa yamemzunguka. Akauliza kwa sauti ya chini, "Mama Amirah, umeumwa?" Zeituni akajibu upesi, kama mtu anayejibu kituoni, kwamba hapana, hajaumwa, hana shida yoyote, hajaficha kitu.

Saleh alitoka bila kula. Njiani alijiambia ni malaria. Lakini lile neno mkubwa lilikuwa limemganda kichwani, kwa sababu hakuwa amemsimulia Zeituni hata nukta moja ya mambo ya Muhoroni.

Dawa ya jambo hili, alifikiri, ni kuiuza haraka. Ijumaa baada ya swala alimwita Sydney Wakhisi, wakili wa Kakamega, mgonjwa mkubwa wa bunduki za zamani. Wakhisi alifika mbio. Aliwapapasa wale mabata kwa kidole, akameza mate.

"Saleh, hii umetoa wapi? Usiniambie. Mimi nachukua."

Akaikunjua, akaielekeza dirishani kwenye jua ili achungulie mitutu kama ni safi, kama wafanyavyo wanunuzi wote. Alichungulia kidogo tu. Kisha akaiweka juu ya kaunta polepole sana, akafuta jicho.

"Kuna mtu," akasema.

"Wapi?"

"Huko ndani. Ananiangalia." Alijaribu kucheka, kicheko kikakataa. Akachukua koti lake, na ngazi alizishuka mbili mbili na kitambi chake chote.

Saleh alibaki peke yake, jua la saa tisa likiwaka dirishani, honi za pikipiki zikilia chini barabarani, na kwa kuwa hakuna mtu mzima anayekubali kutishwa na bomba mbili za chuma mchana kweupe, akainua bunduki akaweka jicho. Aliona duara la mwanga, kisha ndani ya mwanga akaona shamba la miwa lililoungua, mashina meusi yakifuka moshi mpaka mwisho wa macho, na katikati yake mzee mrefu mwenye koti la mvua akiwa amempa mgongo, akikohoa, na kadiri alivyokohoa ndivyo alivyokuwa akigeuka, bega kwanza, kisha sikio, kisha shavu, na Saleh akataka kutoa jicho lake pale na jicho likagoma, akataka kupiga kelele na koo likajaa ule utamu wa kuungua, mpaka yule mzee akageuka mzima na kumtazama, na hakuwa na hasira hata kidogo, alimtazama tu kama anayesubiri mtu amalize sentensi aliyoianza, na nyuma yake, chini kabisa kati ya mashina meusi, alikuwa amechuchumaa mwanamke ameshika kikombe kinachogonga sahani, na mwanamke huyo alikuwa Zeituni.

Alikimbia mpaka Kaloleni kwa miguu, kaacha duka limefungwa kwa kufuli moja.

Alimkuta mkewe amejibana kati ya kabati na ukuta, mahali ambapo paka tu angepita. Alipomwona alikunja mikono kifuani akaanza kulia kwa Dholuo cha mwanamke mzee wa shambani. "Akwayi, kik itera e jela," akasema, nakuomba usinipeleke jela, akirudia na kurudia, huku akivua bangili zake moja moja na kuzisukuma sakafuni kumwelekea yeye. "Chukua tu. Chukua."

Saleh alikaa chini akalia. Aliijua hofu ile. Alikuwa ameitengeneza kwa mdomo wake, sentensi kwa sentensi, akiona inavyomwingia mwenzake, na akafurahi kwamba inafanya kazi.

Maalim Mujahid alikuja baada ya Alasiri, mzee mkavu mwenye saa kubwa mkononi, ambaye alikuwa ametoa majini Kisumu nzima na hakupenda maneno mengi. Aliweka mkono karibu na kichwa cha Zeituni bila kumgusa, akasoma. Alisoma mpaka harufu ya miwa ikajaa chumba na majivu yakaanza kushuka kutoka darini taratibu juu ya kitanda, juu ya kofia yake, juu ya kurasa. Kisha Zeituni akakohoa, kikohozi kizito cha mwanamume mvuta kiko, na sauti ikatoka.

"Acha kunichoma, Mwalimu. Mimi nasikia tu bila kuchomwa."

"Wewe ni nani?"

"Mimi nilitembea na Obiero tangu siku alizaliwa. Yeye sasa amelala. Mimi sina pa kulala mpaka chuma yake igawanywe."

Maalim alinong'ona kwa Saleh bila kugeuka. "Karini. Kila binadamu ana mwenzake asiyeonekana. Mtu akifa, yule hubaki." Kisha akaiuliza sauti, "Huyu mama amekukosea nini?"

"Hajakosa. Mimi nimemvalisha tu woga. Ile huyu bwana alivalisha bibi ya Obiero."

"Utatoka lini?"

"Chuma irudi, igawanywe mbele ya watu. Siku hiyo naenda." Ikakohoa tena. "Lakini hiyo woga si yangu, Mwalimu. Mimi nilibeba tu. Mwenyewe ndiye huyo. Aseme mbele ya watu vile alimwambia mama, ndiyo itoke. Asiposema, itabaki hapo hata mimi nikienda."

Maalim akamgeukia Saleh, majivu kwenye nyusi. "Ulimwambia nini mjane wa watu?"

Saleh alifungua mdomo. Akilini aliona karatasi ya leseni yake ukutani dukani, na muhuri wake mwekundu. "Nilimpunja bei, Maalim."

"Ni hilo tu?"

"Ni hilo tu."

Maalim akafunga kitabu.

Keyo nyinyo ya Mzee Obiero ilifanywa Jumapili, Frankline akiwa amefika. Saleh alipiga simu kuomba ruhusa, akaandaa karatasi za kuisafirisha bunduki, akaendesha gari Maalim akiwa mbele na Zeituni nyuma, amejifunga leso mpaka puani. Uwanjani ndugu walikuwa wamekaa kwa duara, na katikati, juu ya ngozi ya ng'ombe, vyuma vya marehemu vimepangwa: majembe mawili, panga, mkuki wenye kutu, jembe la kukokotwa, baiskeli nyeusi isiyo na tandiko. Mama Aoko alikuwa kwenye kiti cha plastiki. Alipomwona Saleh akashika mikono ya kiti.

Na kando ya chifu, kwa sababu bunduki ilikuwa ikirudi, alikaa inspekta kutoka kituoni, daftari gotini.

Saleh aliweka bunduki juu ya ngozi. Watu wote wakamngoja. Alikuwa amefanya mazoezi usiku kucha ya maneno yale, nilimtisha, nilidanganya sheria, nilimwambia atafia rumande, na yalikuwa yamepangana tayari mdomoni. Kisha akaona kalamu ya inspekta. Akakumbuka kwamba mwenye leseni anayewatishia watu kwa jina la polisi hafungui duka tena, na huenda asilale kwake.

"Wazee wangu, mama yangu," akasema. "Mimi nilikosea. Niliinunua bunduki hii kabla ya kugawa, na bei niliyotoa haikuwa bei yake. Ni mali ya thamani kubwa. Nimeirudisha, na pesa sitaki. Naomba mnisamehe."

Watu wakapiga makofi. Frankline akamshika mkono kwa nguvu, machozi yakimlengalenga, akasema siku hizi watu wa namna hii hawako. Shemeji wa marehemu akaagiza afungiwe jogoo. Ni Mama Aoko tu aliyebaki ameinua uso, anamtazama, anangoja. Aliona hakuna kingine kinachokuja. Akatazama chini akasema, "Ero kamano," asante, kwa adabu kabisa.

Kaka mkubwa wa marehemu akataja bunduki, akataja jina la Frankline. Frankline akaigusa, inspekta akamwandikia risiti mpaka leseni itoke. Hapo hapo upepo ukazunguka uwanjani, ukainua majivu yote yaliyokuwa yamemzunguka Zeituni miguuni ukayapeleka juu ya paa na kuyamaliza kuelekea mashambani. Zeituni akakohoa mara moja, kikohozi chake mwenyewe, akaomba maji. Maalim akasema alhamdulillahi. Saleh alikaribia kuanguka kwa furaha.

Njiani walimshusha Maalim mjini Ahero, alikokuwa na jamaa. Zeituni hakuhamia mbele. Saleh alimtazama kwenye kioo: uso wake umetulia, macho yake ni yaleyale ya siku zote. Akajaribu utani.

"Haya Mama Amirah, umerudi. Sasa nitasemwa mpaka nitamani lile jini."

Hakucheka. Akasema kwa sauti yake ya kawaida, ile ya darasani, "Nilikuwa nasikia yote. Nilikaa ndani ya yule mama tangu Alhamisi. Najua ulivyosogeza kiti. Najua ulivyoshusha sauti." Akageukia dirisha. "Leo nilikuwa nangoja useme. Nilikuwa naomba Mungu useme."

Saleh alisimamisha gari kando ya barabara. Wauza mchele walikuja dirishani, wakaona sura yake, wakaondoka. Nyuma yake barabara ya Muhoroni ilikuwa nyeupe kwa jua, haina hata gari moja. Ingemchukua nusu saa. Watu walikuwa bado wamekaa wanakula, na inspekta alikuwa bado pale.

"Turudi?" akauliza. Alitaka mkewe ndiye aamue.

Saleh alikaa mkono kwenye gea, jogoo akipapatika ndani ya buti la gari, akaifikiria ile leseni, na duka, na karo ya Amirah, na jina lake msikitini. Kisha akawasha gari, akageuza usukani kuelekea Kisumu.

Alinyoosha mkono nyuma ashike goti la mkewe, kumwambia yatapita. Zeituni alijisogeza mpaka mlangoni, polepole, asimkasirishe.

"Endesha tu," akamwambia kwa upole. "Mimi sitamwambia mtu."